Mashua Kubwa kwa Familia: Tazama Upana Kabla ya Urefu

Kwa sisi wakazi wa Mwanza ziwa ni kama ua wa nyumba. Tunaliona kila tufunguapo dirisha, lakini ni wachache wanaolitumia kwa mapumziko. Aghalabu matembezi ya familia huishia Saanane, kisiwa kilicho dakika chache tu kutoka Capri Point, ambacho kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964 na kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Watoto wakishawaona pimbi juu ya mawe mara tatu, huanza kuuliza kuna nini mbele ya hapo.

Swali hilo limemfika jirani yangu mmoja wa Kirumba, fundi mitambo mwenye watoto watano. Yeye na wenzake watatu wa kazini wanamiliki kwa ushirika mtumbwi wa mbao wa kuchukua watu sita. Sasa wamejiwekea akiba, nao wanataka chombo cha kuzichukua familia zote nne kwa pamoja, kifuate ufuko hadi Luchelele, na siku nyingine kipite chini ya lile daraja la kilometa 3 kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 19, 2025. Mkewe amekataa katakata. Kaka yake alikuwa ndani ya MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996, na hadi leo shemeji yangu huyo hapiti karibu na makaburi ya Igoma bila kushuka na kusimama kidogo.

Nilipoombwa ushauri nilisema wazi kwamba katika kikao kile mama ndiye aliyekuwa na hoja. Wengi wetu hudhani kuwa ukubwa wa chombo ndio usalama wake. MV Bukoba haikuwa ndogo. MV Nyerere, iliyopinduka Septemba 20, 2018 ikikaribia gati la Ukara, ilijengwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Chombo kikubwa huwaita watu. Ukishakuwa na nafasi ya watu ishirini, binamu na majirani hawatakosekana, na ni vigumu kumwambia shangazi aliyekwisha vaa kitenge chake kipya kwamba abaki nchi kavu. Kwa hiyo idadi na iandikwe kwa rangi ubavuni mwa mashua siku ile ile inapoundwa, kabla shangazi hajafika.

Haya, tuingie katika mashua yenyewe. Jirani yangu alivutiwa na ndefu na nyembamba, kwa kuwa hukata maji upesi na kuokoa mafuta. Ni kweli, huenda upesi. Lakini kinachoizuia mashua isipinduke ni upana wake, pamoja na uzito kukaa chini. Watoto wakiona kiboko watakimbilia upande mmoja wote, na wakati huo utaupenda upana kuliko mwendo. Mabenchi yawe chini, yafungwe imara. Paa la mbao au bati sikubaliani nalo hata kidogo: huupandisha uzito juu, hushika upepo kama tanga, na hapakosi kijana wa kwenda kukaa juu yake. Turubai la kukunjwa latosha kwa jua letu.

Jambo ambalo wanunuzi husahau ni maji ya ngama. Ndoo chache za maji chini ya sakafu huonekana si kitu, lakini mashua ikilala kidogo maji yote hukimbilia upande ule ule, yakaulaza zaidi. Mbao za mvule hudumu sana, ila viungo vyake huhitaji kukalafatiwa kila mara. Faiba haina kazi hiyo, lakini huu ni mji wa mawe, na mengine yamejificha chini ya maji. Iwe ya mbao au ya faiba, pampu na kopo la kukumbia maji visikosekane.

Kumbuka pia hesabu hii: mashua ikizidishwa mara mbili kwa urefu, upana na kina, uzito wake hufikia karibu mara nane. Injini iliyosukuma mtumbwi haitafaa, na bei ya petroli mnaijua wenyewe. Tena chombo kizito huzama zaidi majini, hakifiki ufukoni. Kitasimama mbali, na watoto watateremka ndani ya matete, mahali ambapo konokono wa kichocho hupenda kukaa. Kwa sababu hiyo niliwashauri waache ile ya watu thelathini waliyokuwa wakiitamani na wachague ya watu kumi na sita, yenye kitako bapa kiasi. Familia zitakwenda mbili mbili, kwa zamu. Mabwana hawakufurahi.

Kuhusu hali ya hewa, ngurumo za ziwani huja zaidi usiku na alfajiri, na mchana upepo utokao ziwani huyainua mawimbi. Basi ngoja asubuhi ipambazuke vizuri, kisha rudi mapema. Kabla ya safari ya kwanza chombo kikaguliwe na kusajiliwa. Kazi hiyo ni ya TASAC.

Fundi amekwisha anza kupiga mataruma. Mama watoto hajakubali bado, lakini juzi alikwenda kuitazama akiwa na kamba ya kupimia, akaupima upana mara mbili. Akasema kwamba fedha za injini zisitolewe mpaka majaketi ya kuokolea kumi na sita, yakiwamo ya saizi ya watoto, yawe yamening'inia sebuleni kwake. Wiki hii yamefika tisa.