Kipimo Kitangulie Sahihi

Mashine mpya inapofikishwa katika karakana ya shule, jambo la kwanza linalofanywa aghalabu ni kushangilia, na la pili ni kutia sahihi. Sanduku hubomolewa, rangi husifiwa, mtunza bohari huiandika mashine katika daftari lake, kisha mkuu wa karakana hutia mkono kwenye hati yenye maneno "imepokelewa ikiwa katika hali nzuri". Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Dai la makala haya ni kwamba maneno ya hati hiyo ni kauli ya kisayansi, na kama ilivyo kwa kila kauli ya sayansi, hapana budi yatanguliwe na kipimo.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa na chuo kimoja cha ufundi nikaitazame mashine ya kukereza chuma ambayo ilikuwa imenunuliwa mpya miezi saba kabla ya hapo. Kila shafti iliyokerezwa humo ilitoka nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Walimu walikuwa wamekwisha kutoa hukumu: wanafunzi hawana uangalifu. Kijana mmoja, ambaye kazi yake ilikuwa ikisifiwa alipotumia mashine kuukuu iliyokuwa pembeni, alipewa alama za chini katika jaribio lake la mwisho, akaondoka chuoni akiamini kwamba mikono yake haifai kwa ufundi. Hakuna aliyeishuku mashine, kwa sababu ilikuwa mpya.

Tulifanya jaribio ambalo mwanafunzi yeyote aliyekwisha kufundishwa kutumia mikromita anaweza kulifuata. Tulichukua nondo ya chuma yenye unene wa milimita 40, tukaibana katika taya za mashine upande mmoja tu, bila kuitegemeza upande wa pili. Tukaacha juu yake pete mbili zilizoachana kwa milimita 150, tukazikereza zote mbili kwa mkato mwembamba bila kukigusa kisu katikati ya kazi. Kisha tukangoja nondo ipoe. Kungoja huko kuna maana, kwani chuma cha unene huo kikiwa na joto la nyuzi 20 zaidi ya mikromita hutanuka kwa karibu milimita 0.01, na kosa dogo la joto huweza kudhaniwa kuwa kosa la mashine. Ikiwa kichwa cha mashine kimekaa sambamba na reli zake, pete hizo mbili hazina budi kulingana. Zetu zilitofautiana kwa milimita 0.12.

Je, hapo tulikuwa na haki ya kumlaumu mtengenezaji? La, bado. Tuliweka pimamaji kukingama reli, kwanza karibu na kichwa, kisha kwenye ncha ya mbali, na kiputo hakikusimama mahali pamoja. Sakafu haikuwa sawa, na mashine ilikuwa imefungwa juu yake kwa nguvu hata mwili wake wa chuma cha kusubu, pamoja na unene wake wote, ukapindika kidogo. Tuliisimika upya, tukarudia jaribio. Tofauti ilishuka ikawa milimita 0.08, wala haikushuka tena. Boliti za kichwa zilikuwa bado zimefunikwa na rangi ya kiwandani isiyo na ufa hata mmoja, maana yake kichwa hakikuwa kimesogezwa tangu kilipofungwa huko. Kwa hiyo theluthi moja ya kosa ilikuwa ya chuo chenyewe, na theluthi mbili zilitoka kiwandani. Ya yule kijana haikuwapo.

Nadhani hapa ndipo penye fundisho. Kipimo hakikumtetea mnunuzi wala hakikumwonea mwuzaji. Kilimpa kila mmoja fungu lake. Mashine isiyofanya kazi vizuri huweza kuwa na kosa la aina mojawapo kati ya nne: la kiwandani, la safarini, la kuisimika, na la kuitumia. Mchanga wa kusubia uliosahauliwa ndani ya giaboksi, au tundu la chuma lililozibwa kwa puti na kupakwa rangi, ni kosa la kiwandani. Mkono uliopindika chini ya ubao uliovunjika ni kosa la safarini. Tena kuna makosa yanayofanana na ubovu ilhali si ubovu. Mota ya kawaida iliyotengenezwa kwa umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde, kama ule wa Marekani, ikiunganishwa na umeme wetu wa mizunguko 50, huzunguka kwa takriban sehemu tano tu katika sita za mwendo wake. Hapo wa kulaumiwa ni aliyeiagiza. Na mota ya nyaya tatu za umeme ikizunguka kinyume, dawa yake ni kubadilishana nyaya mbili, wala si kuandika barua ya malalamiko.

Wako watakaosema kwamba ukaguzi wa namna hii ni dharau kwa mtengenezaji, hasa ikiwa mashine imetoka katika nchi yenye sifa. Lakini nchi zenye sifa ndizo zilizoanzisha desturi hii. Mwaka 1927 mhandisi wa Ujerumani, Georg Schlesinger, alichapisha kitabu cha majaribio ya kuzipokea mashine za karakana, akieleza kila kipimo kinavyochukuliwa na kosa linaloweza kuvumiliwa. Baadaye viwango vya kimataifa vilijengwa juu ya mawazo ya namna hiyo. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu Uingereza, niliona mashine mpya ikiletwa katika maabara yetu. Nilitarajia kwamba itawashwa siku ileile. Badala yake fundi mzee aliivulia kofia yake, akaichukua geji ya saa, akaipima kwa siku mbili akiandika kila tarakimu katika daftari. Nilipomwuliza kama anaishuku, alinijibu kwamba haishuku wala haiamini, bado hawajajuana.

Sheria nayo iko upande wa mwenye kupima. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania humpa mnunuzi nafasi ya kutosha ya kuikagua bidhaa ambayo hakuwahi kuikagua, kabla haijahesabiwa kwamba ameikubali. Lakini anayekaa na bidhaa kwa muda uliopita kiasi, bila ya kumwarifu mwuzaji kwamba ameikataa, huhesabiwa kuwa ameridhika nayo. Chuo kile nilichokisimulia kilipomwandikia mwuzaji wake, kilipata jibu la mistari mitatu: mashine ilipokelewa ikiwa katika hali nzuri, na sahihi yenu hii hapa. Hatukuwa na la kujibu, kwa kuwa siku ile ya sahihi hapakuwa na kipimo hata kimoja. Tulilazimika kukifungua kichwa na kukilinganisha wenyewe, kazi iliyotuchukua siku mbili za jasho. Mashine ilipona. Alama za yule kijana zilibaki kama zilivyoandikwa.

Zipo hoja mbili nyingine ambazo ni haki zijibiwe. Ya kwanza ni kwamba shule haina vyombo. Ni kweli kwamba si kila shule ina geji ya saa, lakini jaribio la pete mbili halihitaji zaidi ya nondo na mikromita, na pimamaji nzuri yaweza kuazimwa kutoka kwa jirani. Tena pimamaji hujipima yenyewe: isome, igeuze ncha kwa ncha mahali palepale, kisha uisome tena. Ikiwa kiputo kimehama, nusu ya tofauti ni kosa la chombo. Huo ni usawa wa ajabu, kwamba hata chombo chenye kasoro kikiulizwa vizuri husema kweli juu yake chenyewe.

Hoja ya pili ni ya adabu. Mashine nyingi za shule zetu huja kwa msaada, na mtu huona haya kumhesabia mfadhili kasoro za zawadi yake. Ninauheshimu uchungu huo, ila sikubaliani nao. Mfadhili alikusudia kuwafundisha watoto, wala hakukusudia kuijaza karakana. Kumpelekea taarifa ya vipimo, yenye namba ya mashine, tarehe, njia ya kupima na tarakimu zilizopatikana, ni kumshukuru kwa namna inayomsaidia. Barua inayosema tu kwamba "mashine ni mbovu" ni malalamiko, na malalamiko hujibiwa kwa malalamiko. Tarakimu hujibiwa kwa tarakimu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa walimu wa sayansi na wa ufundi. Kwanza, hati ya mapokezi iandikwe kwamba mashine "imepokelewa, haijapimwa", hadi vipimo vitakapokwisha. Pili, mkataba wa ununuzi utaje kipindi cha majaribio, na dhamana ianze kuhesabika baada ya majaribio hayo badala ya siku sanduku liliposhushwa. Tatu, na hili ndilo ninalolithamini kuliko yote, vipimo vifanywe na wanafunzi wenyewe chini ya uangalizi wa mwalimu wao. Kidato cha kwanza hufundishwa kusoma mikromita kwa kupima unene wa waya, nao husahau mara baada ya mtihani kwa kuwa hakuna linalotegemea jibu lao. Waiteni karakanani siku mashine mpya inapowasili. Waambieni kwamba shule haitatia sahihi mpaka wao waseme.

Mwanafunzi aliyewahi kuipima mashine hataiogopa kwa upya wake, wala hataidharau kwa ukuukuu wake. Na siku kazi yake itakapotoka na kasoro, atajua namna ya kuuliza kosa ni la nani kabla ya yeyote, naye mwenyewe akiwamo, kuishutumu mikono yake.