Kakitazameni Chuo Kabla ya Kuomba
Kutoka Songea hadi Malimbe, Mwanza, kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ni zaidi ya kilometa 1,000. Wazazi wengi husubiri usajili, ada ikiwa imeshalipwa, ndipo wafunge safari na mtoto. Sisi tunaona wamechelewa. Kidato cha sita humaliza mitihani Mei. Safirini Juni, siku za kazi, wanafunzi wangali wakisoma. Tengeni fedha ya kulala, maana msafiri aliyechoka hukubali chumba chochote. Ulizeni kodi ya vyumba, maji, bei ya wali maharage. Nauli ya wawili ni mzigo, tunajua. Mwambieni paroko, huenda akawaunganisha na parokia ya huko mkapata pa kulala. Na pale ofisini, kijana aulize mwenyewe. Baba akae benchini.