Malengelenge ya Mkono na Dhana za Watu

Juma lililopita tuliitwa katika nyumba moja mtaani kuamua jambo ambalo majirani walikuwa wameshaliamua. Tunalieleza hapa kwa idhini ya wenyewe.

Binti wa miaka tisa alikuwa na malengelenge makubwa mkono wa kulia, yamejaa maji, na michirizi myekundu ikishuka hadi kiwikoni. Mama yake mzazi ametangulia mbele ya haki. Analelewa na mama wa kambo. Basi ikasemwa kuwa amemwagiwa maji ya moto. Mama yule aliapa huku akilia. Nasi, twakiri, tulipoiona ile michirizi tulinyamaza, na kimya chetu kilieleweka.

Tulishauri aonwe kwanza na daktari. Daktari hakuuliza ni nani. Aliuliza ni lini. Mkono ulianza kuuma Jumatatu jioni, malengelenge yakatoka Jumanne. Na Jumapili alishika nini? Binti akajibu mwenyewe: ndimu. Walikuwa wakitengeneza achari, yeye akikamua, maji yakimchuruzika mpaka kiwikoni. Hakunawa, akatoka kucheza juani tangu saa nne mpaka adhuhuri. Mama alikamua ndimu nyingi zaidi, lakini alikuwa jikoni kivulini, kisha akanawa kwa sabuni kabla ya kutawadha.

Maji ya ndimu yana kemikali ziitwazo furanokumarini, ambazo zikiwa juu ya ngozi na kupigwa na jua huiunguza. Si mzio, na humpata yeyote. Wekundu huchelewa kiasi cha siku moja, na malengelenge huzidi siku ya pili au ya tatu; tena huchoma zaidi kuliko kuwasha. Maji ya moto hayangoji. Jumapili usiku binti alilala salama, baba yake akimwona, na hapana aliyekumbuka kumuuliza baba.

Mkono huoshwa kwa sabuni na maji, ukawekewa kitambaa cha maji baridi, ukafunikwa usipigwe na jua. Malengelenge yasitumbuliwe. Yakitoka usaha, au mtoto akipata homa, arudishwe hospitali. Weusi waweza kubaki kwa majuma au hata miezi, na twawaomba akina mama wasiusugue kwa ndimu, kama ilivyo ada yetu ya kuondoa madoa.

Aya ya 6 ya Suratul Hujurat, inayotuamuru tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, tumeisomesha kwa miaka mingi. Siku ile aliyeifanyia kazi ni daktari, kijana wa umri wa wanafunzi wetu.

Ijumaa baada ya Swala tulirudi kumtaka radhi yule mama. Alitukaribisha, akatuandalia chai, asiligusie jambo lile hata kidogo. Majirani, hadi tunaandika haya, hawajapiga hodi.