Michezo ya Mashujaa: Tupime Kabla ya Kutupa

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa pwani niliyepandishwa bara na riziki. Naishi Matasia, baina ya Ngong na Kiserian, mahali ambapo asubuhi ya mwezi wa Julai mtu huvaa koti juu ya kanzu yake, na akiinua macho huona mapangaboi ya umeme wa upepo yakizunguka juu ya vilima. Lakini usidhani kwamba jambo nitakalolizungumza leo liko mbali nawe. Kibanda cha michezo ya video kilichozua mjadala hapa kwetu kina ndugu zake Majengo, Kisauni na Malindi, na pengine kiko hatua chache tu kutoka mlangoni pako.

Ni kibanda cha mabati. Ndani mna televisheni mbili, mabenchi matatu, na mashine za PlayStation 2 ambazo rangi yake nyeusi imekwisha kuwa ya kijivu kwa vumbi na mikono ya watoto. Mashine hii ilitoka Japani mwaka 2000, na kiwanda kiliacha kuitengeneza mwanzoni mwa mwaka 2013. Ziliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na hadi leo hakuna mashine ya michezo iliyouzwa zaidi ya hiyo. Zilipowachosha wenye uwezo, zilishuka kwa mitumba hadi kwetu. Mtoto wa Matasia hununua dakika zake kwa sarafu anayoweza kuipata, na kwa dakika hizo huwa mtu anayeruka juu ya majumba.

Jumamosi moja mjukuu wangu hakufika madrasa. Nikatoka na bakora, na nilijua pa kwenda. Nilipoingia kibandani nilikuta vijana kumi na wawili wakigombana, na wala si kwa ajili ya zamu. Mwenye kibanda alikuwa amewaambia kwamba mashine kuukuu ataziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, pamoja na katoni zima la sahani zake, yaani zile wanazoziita sidii, abakie na mashine mpya ya mpira peke yake. Vijana wakamsihi walau abakishe michezo mitano ya mashujaa. Tatizo ni kwamba hawakuelewana ni ipi.

Jioni ile ile wazee wenzangu wakaniletea habari nyingine. Wazazi wataitisha kikao ili kibanda kifungwe kabisa, nami nikatakiwa niseme neno. Nikawajibu kwamba siwezi kutoa ushahidi wa jambo nisiloliona kwa macho yangu. Basi nikakaa kibandani siku tatu, baina ya Adhuhuri na Alasiri, mjukuu wangu akiwa mwalimu wangu.

MIZANI

Ili kupanga daraja lazima mtu awe na mizani. Yangu ilikuwa na vitanga viwili. Katika kitanga cha kwanza niliweka ufundi: je, mchezo umetengenezwa vyema, na unamshika mtu kwa haki? Katika cha pili niliweka wajibu: je, mchezo unamwambia mtoto nini juu ya nguvu? Kwetu sisi nguvu ni amana, na mwenye amana ataulizwa alivyoitumia. Nilitaka kujua kama mashujaa hawa wa Marekani nao wanaulizwa.

La kwanza nimelipa Spider-Man 2, mchezo wa mwaka 2004 uliotengenezwa na Treyarch kufuatana na filamu ya mwaka huo. Mtoto hupewa mji wa New York na utando wa buibui, kisha huachiwa azunguke atakavyo. Utando ule haushiki hewani, bali lazima ushike jengo. Pasipo na jengo, shujaa hushuka akaenda kwa miguu kama mimi na wewe. Lakini lililoniridhisha zaidi ni kazi yake. Njiani wapita njia humwita: huyu ananing'inia juu ya paa na ataanguka, yule ameporwa, na kuna mtoto analia kwa sababu purutangi lake limepaa. Tena shujaa huyu ni maskini. Huchukua kibarua cha kupeleka chakula majumbani, na akichelewa kazi imeharibika. Vijana ambao kaka zao huendesha bodaboda wanalielewa hilo bila kufasiriwa.

La pili ni X-Men Legends II, wa mwaka 2005, kazi ya Raven Software. Hapa mashujaa huenda wanne wanne, na wale waliokuwa mahasimu wa jana hulazimika kushirikiana kumkabili adui aliyewazidi wote. Mashine ina matundu mawili tu ya pedi, na ili wacheze watu wanne panahitajika kifaa cha ziada ambacho kibanda chetu hakina. Hata hivyo wale wawili wanaocheza huongozwa kwa makelele na kumi walioketi nyuma, na hakuna mchezo niliouona ukifundisha shauri la pamoja kama huu. Ila yake ni kwamba mapigano hayaishi, na baada ya saa moja huwa kama kupepeta mchele ule ule.

La tatu ni Batman Begins, pia wa mwaka 2005, nao umefuata filamu. Mtu huyu hana nguvu za miujiza. Hujificha, hutazama, akawatia wabaya hofu kabla ya kuwagusa. Subira hiyo ni funzo. Lakini njia ni moja tu, na mtoto hushikwa mkono mwanzo hadi mwisho.

La nne litawashangaza wengi: Superman Returns, wa mwaka 2006, kutoka Electronic Arts. Kwa wazo tu ungekuwa wa kwanza. Katika michezo mingine pana kipimo cha uhai wa shujaa, kikiisha amekufa. Hapa shujaa hadhuriki, na kipimo kilichoko ni cha uhai wa mji. Ukiuacha mji uangamie umeshindwa, hata kama wewe mwenyewe huna mkwaruzo. Nilipofafanuliwa hayo nilinyamaza kidogo, nikawafikiria baadhi ya wakubwa wetu ambao hawana mkwaruzo. Kwa bahati mbaya ufundi haukulifikia wazo. Mapigano ni yale kwa yale na mji wenyewe umepooza. Nia njema bila ufundi haimshibishi mgeni.

La tano ni The Incredible Hulk: Ultimate Destruction, wa mwaka 2005, ambao vijana wote waliuweka wa kwanza.

KUUNGAMA

Hapa sina budi kuungama. Kwa kitanga cha ufundi mchezo huu unaipita yote minne. Lile jitu la kijani hukimbia juu ya kuta, hupasua gari vipande viwili likavivaa mikononi kama glavu za chuma, na kila pigo mtu hulisikia hadi viganjani. Nilipopewa pedi nilisema nitaonja dakika tano. Siku hiyo niliikuta jamaa ya Alasiri imekwisha kutoa salamu, na nilikuwa nimekwenda pale kumlaumu mjukuu kwa kukosa madrasa! Tangu siku hiyo nimewapunguzia watoto lawama, maana nimejua wanachopambana nacho.

Lakini kitanga cha pili kiliniangusha. Katika mchezo huu kuvunja ndiko kunakolipa. Kila unachobomoa hukupa alama, na kwa alama hizo hununua mbinu mpya za kubomolea. Wakazi wa mji ni kama majani ya kukanyagwa. Uharibifu umekuwa sarafu.

Mjukuu wangu hakukubali. "Babu," alisema, "huyu hakuomba kuwa hivi. Anafukuzwa na jeshi, na kila siku anatafuta dawa ya kujiponya." Ni kweli. Hadithi ya mchezo ni ya Bruce Banner anayejaribu kujitibu hasira inayomgeuza. Nilimkubalia nusu. Nikamwambia hadithi inasema kweli, ila malipo yanasema kingine, na mtoto husikiliza malipo kuliko hadithi. Mchezo ukabaki wa tano. Lakini nao umo katika mitano, na wala sikusema utupwe.

KINACHOTUPWA HAKIRUDI

Nasema hivyo kwa sababu ya jambo ambalo wazazi wengi hawana habari nalo. Kitabu kikuu hupatikana maktaba, na filamu ya kale huonyeshwa tena. Michezo hii haiko hivyo. Mtengenezaji wa mchezo hukodi haki ya kumtumia shujaa kutoka kwa mwenye shujaa, na muda ukimalizika duka hulazimika kuuondoa. Marvel: Ultimate Alliance ya mwaka 2006 iliuzwa upya mwaka 2016 kwa mashine mpya, na kufikia mwaka 2018 ikawa imeondolewa tena. Ile Spider-Man 2 ya mwaka 2004 niliyoipa daraja la kwanza haiuzwi mpya popote. Mwezi Julai mwaka 2024 Microsoft walifunga duka la mtandaoni la mashine yao ya Xbox 360, na mchezo uliouzwa humo tu haununuliki tena humo. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya michezo hii, Video Game History Foundation, ilitoa uchunguzi kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 haipatikani madukani.

Basi fikiri, ndugu msomaji. Katoni lililokuwa liende kwa vyuma chakavu huku Matasia lina vitu ambavyo hata tajiri wa New York hawezi kuingia dukani akavinunua vipya. Sisemi kwamba kila sahani iliyomo ni halali. Nyingine ni za kunakiliwa mitaani, na mali ya mtu ni mali ya mtu. Nasema tu kwamba sahani iliyo mkononi haifungwi na mwenye duka, na kwamba sisi tunaodharau ukuukuu tunatupa tusichokijua.

Na watu wa pwani tusiwe wa mwisho kulielewa hili. Siku ya tatu vijana waliniuliza kama kwetu nako kulikuwa na shujaa wa namna hii. Nikawapa kisa cha Fumo Liyongo: alivyofungwa gerezani, mama yake akampelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa kwa mkono wa kijakazi Saada, akakata pingu huku ngoma ya gungu ikivuma nje ili mlio usisikike. Nikawaeleza kwamba hakuna silaha iliyompata ila sindano ya shaba kitovuni, na kwamba aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa, aliyehongwa. Nikamalizia na kufa kwake, amepiga goti kisimani na upinde wake umevutwa, watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai.

Kibanda kizima kilikuwa kimya. Kisha kijana mmoja wa Kimaasai akauliza, "Mzee, huyo yuko kwenye sidii gani?"

Sikuwa na jibu. Kisa kile nimekipata mimi kwa sababu kiliimbwa, na kwa sababu Muhamadi Kijumwa wa Lamu alikaa na kalamu yake mwaka 1913 akauandika utendi wake. Wangesema wazee wa zama zile kwamba hizo ni ngoma za kale zitupwe, leo ningekuwa na nini cha kuwapa vijana wale? Na tazama kilivyo karibu na mizani yetu: mtu mwenye nguvu kuliko wote, lakini bila mama na bila Saada angeozea gerezani.

Si kwamba Waafrika wamelala. Kampuni ya Leti Arts, iliyoundwa na Eyram Tawia wa Ghana na Wesley Kirinya wa Kenya, imewatia mashujaa wa hadithi za Afrika katika michezo ya simu na vitabu vya picha. Lakini Liyongo bado anangoja, na vijana wa Mombasa wanaosomea kompyuta wanajua kazi hiyo kuliko mimi.

Kikao cha wazazi kilifanyika. Nilisimama nikaeleza daraja zangu tano, na baba mmoja akacheka kwamba mzee mzima amekwenda kujifunza buibui. Lakini nilipomuuliza ni mchezo gani hasa anaoupinga, hakuweza kuutaja hata mmoja. Mwishowe ikakubaliwa kwamba kibanda kibaki, kifungwe saa za shule na za madrasa, na wazazi wawe wanaingia kuangalia kwa zamu. Mjukuu wangu alipata adhabu yake kwa Jumamosi ile, wala hakulalamika.

Ama lile katoni, nimelinunua mimi pamoja na mashine moja, kwa bei ya chuma chakavu. Liko chini ya kitanda changu. Mke wangu ameniuliza mara mbili lina nini, na nimemwambia ni vitabu vya hadithi. Naona sikumdanganya sana.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye mizani iliyo bora kuliko yangu na aje nayo, mradi awe amekwisha kuishika pedi mwenyewe.