Usiuze wimbo kwa butura

Najua nimepotea wiki tatu nzima. Nilikuwa nyumbani Kiruruma kwa likizo fupi, na kule kati ya migomba mtandao unaupata ukipanda kilimani, tena siku ukiamua kuja. Nimerudi chuoni juzi usiku, mgongo unauma kwa safari ya basi, chumbani bado tunalala mzungu wa nne kama nilivyoondoka, na bumu halijatoka. Kwa hiyo leo naandika nikiwa na chai kavu, mnisamehe kama sentensi zina njaa.

Kuna jambo linaninyima usingizi. Wengi mnajua kwamba nje ya madesa ya Kiswahili na Historia mimi hupiga gitaa. Kabla sijaenda likizo, prodyuza mmoja wa mtaani hapa (simtaji, na wala msibuni) aliniita nimpigie gitaa kwenye nyimbo mbili za msanii wake. Nikapiga. Wakati wa mapumziko nikawa nachezea wimbo wangu mwenyewe, nilioutunga mwaka wa kwanza. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwalimu, huu nauchukua. Laki mbili taslimu, unasaini hapa, umemaliza." Karatasi ilikuwa ya ukurasa mmoja. Inasema natoa maneno, sauti na haki zote, milele, na jina la mtunzi litakuwa la atakayeimba.

Laki mbili, jamani! Kwa mtu anayekula mlo mmoja kwa siku ni hela nyingi sana. Nikamwambia anipe muda nikaonane na wazee.

Nyumbani nilimweleza mzee wangu tukiwa shambani. Hakuniuliza kama wimbo ni mzuri. Aliuliza swali moja tu: "Kwani hiyo si butura?"

Kwa msiotoka Kagera, nieleze kidogo. Butura ni pale mkulima anapobanwa na shida, labda ada au mgonjwa, akauza kahawa yake ikiwa bado maua au mbichi mtini. Mwenye hela analipa leo kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika anavuna yeye, anauza yeye, na mwenye shamba anasimama pembeni akiangalia magunia yakipakiwa. Serikali imelikataza jambo hili, lakini njaa haisomi matangazo. Mzee aliwahi kuuza butura, na mimi ninajua kwa nini, kwa sababu hela ile ndiyo iliyonipeleka kidato cha tano. Ndiyo maana neno lile lilipomtoka nilishindwa kumjibu.

Sasa tuongee ukweli kuhusu kazi ya mpiga gitaa wa studio. Huyu ni mtu anayeitwa kupiga kwenye nyimbo za wengine. Anakuja, anasikiliza, anatafuta kipande kinachokaa, anapiga, analipwa, anaondoka. Ni kazi halali kabisa, wala siidharau. Kasoro inaingia pale ambapo mtu huyohuyo ni mtunzi pia, halafu malipo ya siku yanameza na utunzi wake.

Mfano tunao hapahapa Afrika Mashariki. Miaka ya 1960 pale Nairobi kulikuwa na studio ya Equator Sound, chini ya Charles Worrod. Studio ile ilikuwa na bendi yake ya ndani, Equator Sound Band. Ndani yake walikuwemo Daudi Kabaka, Fadhili William, Gabriel Omolo, na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Hebu fikiria kikosi hicho! Leo mmoja anaimba wimbo wake na wenzake wanamsindikiza kwa magitaa, kesho zamu ya mwingine. Hao walikuwa wapigaji wa studio na watunzi kwa wakati mmoja, na twisti zao zilichezwa kuanzia Mombasa hadi kwetu huku ziwani.

Kazi zao zilifika mbali kuliko wao wenyewe. Mwaka 1968 kundi la Kiingereza la The Tremeloes lilirekodi Helule Helule ya Kabaka, ikaingia kwenye chati za Uingereza. Malaika, iliyorekodiwa na Fadhili William, ikaimbwa na Miriam Makeba na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya 1965, na baadaye Boney M wakaitoa mwaka 1981. Dunia nzima inaujua wimbo huo. Kabaka na Fadhili wote wawili walifariki mwaka mmoja, 2001.

Lakini Malaika una kesi yake, na kesi hiyo ndiyo somo langu. Wapo wanaosema mtunzi hasa ni Adam Salim, Mtanzania, aliyeutunga miaka ya 1940. Wengine wanamtaja Grant Charo, wengine Lucas Tututu. Mimi si hakimu, na wote hao nawaheshimu. Ninachokiona ni kwamba jina lililokwenda na sahani ya santuri ni la Fadhili, na hilo ndilo dunia iliyolijua. Wengine wamebaki na mashahidi na kumbukumbu, na kumbukumbu haina muhuri. Kama kweli mmojawapo aliutunga, basi aliukosa siku ileile ambayo hakuna aliyeandika jina lake popote.

Upande wetu wa Tanzania mambo yalikwenda kwa njia nyingine. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na baadaye jeshi, polisi na mashirika nayo yakawa na bendi. Mpiga solo alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Hilo halikuwa jambo dogo, maana mwanamuziki alikuwa na uhakika wa mwisho wa mwezi, kitu ambacho leo hata sisi wanafunzi wa ualimu tunakiota tu. Ila mshahara unakoma siku unapoacha kazi, na wimbo unaendelea kupigwa redioni. Muulize mtoto wa mpiga gitaa yeyote wa zamani.

Na si lazima niende Nairobi wala Dar. Mjomba wangu ndiye aliyenifundisha gitaa, tena la kwanza lilikuwa la galoni na waya za breki ya baiskeli. Enzi za kanda alipiga gitaa kwenye kanda ya kwaya moja kule kwetu. Kava la kanda ile tunalo mpaka leo. Limeandika jina la mwenyekiti, katibu, mwalimu wa kwaya na aliyegharimia safari. Mpiga gitaa hayupo. Kile kipande cha mwanzo, ambacho hata watoto walikuwa wanakiimba kwa mdomo wakienda kisimani, alikitunga yeye palepale ndani ya studio. Nilipomuuliza alilipwa nini, alicheka: "Soda mbili na nauli, nikashukuru." Nikamuuliza kama inamuuma. Akanyamaza kidogo, akasema, "Soda haiumi. Kinachouma ni watoto wako wakikataa kwamba ni wewe."

We acha tu.

Hapa kuna wadau watanipinga, na hoja zao nazijua kwa sababu nimejipinga mwenyewe usiku kucha. Ya kwanza, prodyuza naye anahatarisha hela yake. Umeme analipa yeye, kompyuta ni yake, na nyimbo nyingi hazirudishi hata gharama. Kweli kabisa. Huenda wimbo wangu ukatoka na usisikilizwe na mtu zaidi ya mama yangu, na laki mbili nitakuwa nimezikimbia kwa ujinga. Ya pili, mwenye njaa hachagui. Mzee wangu hakuuza butura kwa kupenda, na kama asingeuza mimi nisingekuwa hapa nikiandika maneno haya makubwa. Hoja hiyo siwezi kuijibu kwa kejeli. Anayemcheka mwenye kuuza butura hajawahi kutafuta ada usiku.

Ila angalieni tofauti moja. Mzee alipouza butura aliuza mavuno ya msimu mmoja. Mti ulibaki wake. Mwaka uliofuata ulitoa maua tena, na ndiyo maana tulipona. Karatasi ya prodyuza yule inataka mti wenyewe pamoja na ardhi uliposimama, tena inataka kibao kiandikwe kwamba aliyeupanda ni mtu mwingine. Hiyo ni zaidi ya butura.

Na sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ipo kwa ajili ya hayo. Hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Miaka 50 baada ya mimi kufa! Maana yake wajukuu wa Kiruruma ambao hawajazaliwa wanahusika na saini yangu ya mwezi huu. Sheria hiyohiyo inamtambua na mpigaji, si mtunzi peke yake, ndiyo maana kuna neno hakishiriki. Tatizo ni kwamba sheria haiingii studio kukushika mkono usisaini.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mpiga gitaa alipwe siku yake kama fundi yeyote, na jina lake liandikwe. Wimbo aliotunga ni hesabu nyingine, na usichanganywe na posho. Prodyuza akitaka kuuza wimbo, waandikiane mgawo: huyu kiasi hiki kwa gharama zake, huyu kiasi hiki kwa utunzi wake. Kama ni shida ya haraka, mpe mavuno ya muda fulani, mwaka au miwili, halafu mti urudi kwa mwenyewe.

Sisi walimu watarajiwa tuna sehemu yetu pia. Kwenye fasihi simulizi tumezoeshwa kuandika "mtunzi hajulikani" na kupata maksi. Kwetu Karagwe wazee walipiga enanga na kuimba habari za watu na vita na ng'ombe, na kila wimbo ulianza kwenye kichwa cha mtu mmoja aliyekuwa na jina na mama. Hajulikani kwa sababu hakuna aliyeuliza. Nikienda mazoezi ya kufundisha nitawapa watoto kazi moja: waulize nyumbani nani alitunga wimbo fulani, waandike jina na mwaka. Na wakitunga wao, waandike jina lao juu ya karatasi kabla ya kuandika beti. Haigharimu kitu.

Jana jioni nilimrudia prodyuza. Nilimwambia gitaa nampigia siku yoyote kwa elfu thelathini, lakini wimbo siuzi, labda tuandikiane mgawo na jina langu libaki. Hakukasirika. Alisema, "Wenzako wanasaini, mwalimu," akaendelea na kazi yake. Hajanipigia simu tena, na sijui kama atapiga.

Leo nimekula mlo mmoja. Jioni nimeandika maneno ya wimbo wangu upya kwenye daftari, nikaweka jina langu, tarehe, na neno Kiruruma chini yake. Nakala nimempa mwenzangu wa chumbani aitunze, na nyingine naituma kwa mzee kwa basi. Mjomba nimemwomba aniandikie kwa mkono wake kwamba kile kipande cha kanda ni chake, na mwaka aliokipiga. Amesema ataandika akimaliza kuvuna maharage.

Naomba kuwasilisha.