MWENYE LORI ANAMLIPA DALALI ILI AFANYE KAZI

Ndugu zetu wenye lori moja moja huitwa matajiri mitaani. Mtu ana gari lenye matairi 22 limelala nje ya nyumba yake, nani atamwita mnyonge? Lakini sisi tunaozunguka matawini, tulioketi nao katika migahawa ya Mikumi, Makambako na Tunduma, twasema wazi kwamba wengi wao ni vibarua wa dalali, tena vibarua wanaomlipa bwana wao ili awape kazi.

Mtatuuliza: jambo hili lawezekanaje? Lawezekana kwa sababu hesabu inafanywa na mmoja tu kati ya wawili. Dalali anajua mwenye mali amelipa kiasi gani. Mwenye lori anajua bei ya mafuta na posho ya dereva, basi. Akiambiwa, "Mzigo huu wa Tunduma ni milioni 4, hutaki wapo watakaoutaka," anatoa mafuta, anatoa posho, anaona kimebaki kitu, anashukuru. Kumbe kilichobaki si chake. Ni cha matairi, ni cha injini, ni cha benki.

Tuichukue chaki basi. Wengine wetu tumesomea ualimu na tabia ya ubao haitutoki. Bei tunazoweka hapa ni za mfano. Kila mmoja aweke zake, maana bei kikomo za mafuta EWURA huzitangaza kila mwezi na risiti za gereji kila mtu anazo. Wazee waliotangulia walihesabu kwa maili, sisi twahesabu kwa kilomita, lakini kanuni ni ile ile.

Kutoka Dar es Salaam mpaka Tunduma ni kama kilomita 930. Kurudi ni 930 nyingine, na mara nyingi lori hurudi tupu. Tuseme likiwa na mzigo linakwenda kilomita 2 kwa lita, likiwa tupu kilomita 3. Hizo ni lita 465 za kwenda na 310 za kurudi, jumla 775. Kwa shilingi 2,800 kila lita, mafuta ni shilingi 2,170,000. Hapa kila mtu anafika. Ni baada ya hapa watu wanapopotea.

Tairi moja tuseme shilingi 600,000. Matairi 22 ni 13,200,000. Yakitembea kilomita 80,000 yamekwisha, maana yake kila kilomita moja inakula shilingi 165 za mpira, iwe lori limebeba au halikubeba. Safari nzima ni 306,900. Nani amewahi kumlipa dereva wake halafu akaweka kando shilingi 306,900 za matairi yaliyo bado mazima? Hakuna. Siku tairi linapopasuka Kitonga ndipo mtu anauza ng'ombe. Oili, vichujio, breki na spea, tuweke shilingi 240 kwa kilomita: 446,400. Posho ya dereva na utingo pamoja na gharama za njiani, 400,000. Jumla ya kutembea ni 3,323,300.

Bado kuna gharama zisizojali kama lori limetembea. Mishahara, bima, ukaguzi, maegesho, na rejesho la mkopo. Tuseme 4,600,000 kwa mwezi. Lori likifanya safari 4, kila safari inabeba 1,150,000 ya fungu hilo, na gharama kamili inakuwa 4,473,300. Igawe kwa kilomita zenye mzigo, 930, kwa sababu ndizo pekee zinazolipwa: shilingi 4,810 kwa kilomita. Anayegawa kwa 1,860 atapata 2,405, atafurahi, na atakuwa amejidanganya nusu kwa nusu. Sasa ile milioni 4 ya dalali ni shilingi 4,301 tu kwa kilomita. Ndugu yetu amempa mwenye mali zawadi ya 473,300, na hajui.

Na hapo lori halijakawia. Kila siku moja linapolala kwenye foleni, fungu lile la mwezi linakula zaidi ya shilingi 150,000. Kituo cha pamoja cha mpakani, Tunduma na Nakonde, kilifunguliwa mwaka 2019 ili kufupisha kungoja, lakini dereva gani asiyejua kulala chini ya tela? Zikiwa safari 2 badala ya 4, gharama ya kila moja inafika 5,623,300. Hasara ni 1,623,300 kwa kila safari. Hivi ndivyo mtu anavyofanya kazi mwaka mzima bila kupumzika, halafu mkopeshaji anakuja na karatasi na kuliondoa lori uani. Tumeona likiondolewa. Watoto walikuwa wamesimama mlangoni.

Twaambiwa na mabwana fulani ati hilo ni soko, asiyeweza aache. Soko gani hilo ambalo muuzaji haruhusiwi kujua bei aliyotoa mnunuzi? Huko Marekani, ambako tangu sheria ya mwaka 1980 mlango wa biashara ya malori ulifunguliwa wazi, kanuni ya serikali kuu inamtaka dalali atunze kumbukumbu za kila mzigo, na mwenye lori ana haki ya kuziona. Madalali wengi wa huko huwataka watie saini kuiacha haki hiyo, jambo ambalo lenyewe latuonyesha thamani yake. Sisi twadai haki hiyo iandikwe hapa, na isiwepo saini ya kuifuta.

Lakini tusimlaumu dalali peke yake. Yule "mwingine atakayeutaka" ni nani kama si sisi kwa sisi? Mmoja akikataa milioni 4, jirani yake anakubali milioni 3 na nusu, kisha anajaribu kufidia kwa kuzidisha mzigo, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56. Mizani inamkamata, faini inammaliza.

Njia hii ina historia yake. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa bandia tarehe 11 Novemba 1965, mafuta ya Zambia yakakatika, na madereva wakapeleka mapipa kutoka Dar es Salaam katika vumbi na tope, kabla ya bomba la mwaka 1968 na kabla ya TAZARA kukabidhiwa mwaka 1976. Waliofanya vile hawakuwa wakigombania mzigo kwa kushushiana bei.

Twataka katika kila tawi lililo kando ya barabara hii wenye malori waungane katika ushirika, wanunue matairi pamoja, watafute mizigo ya kurudia pamoja, na wakubaliane kwamba hakuna atakayeondoka chini ya gharama yake. Jumamosi tunaanza. Kila mmoja aje na risiti zake na tarakimu za kilomita alizosoma siku ya kuondoka na siku ya kurudi. Asiyeziandika aje vivyo hivyo. Ubao na chaki vipo.