Tamko Kuhusu Matumizi ya Seli za Pua Katika Utafiti wa Maradhi ya Mapafu

Sisi wagonjwa wa pumu na maradhi mengine ya njia ya hewa, wazazi na wahudumu wa afya tulioungana katika chama hiki, tunatamka kwamba mtafiti anayehitaji seli za njia ya hewa aanzie puani. Mtoto asilazwe kwa dawa ya usingizi kwa ajili ya utafiti peke yake, ikiwa swali linaloulizwa laweza kujibiwa na seli za pua.

Ili kupata seli za mirija ya mapafu, daktari hufanya bronkoskopi, yaani hupitisha mrija mwembamba wenye kamera kooni hadi kifuani, na mtoto kwa kawaida hulazwa usingizi kabisa. Seli za pua hukwanguliwa kwa brashi ndogo kwa sekunde chache. Macho hulengalenga machozi, mtoto hupiga chafya, kisha anarudi nyumbani. Hata mtoto asiye mgonjwa anaweza kuombwa sampuli hiyo, na bila watoto wa aina hiyo utafiti hauna cha kulinganisha.

Pua na mirija ya mapafu zimetandikwa utando unaofanana: seli zenye vinyweleo vya kusukuma kamasi, seli zinazotengeneza kamasi hiyo, na seli za chini zinazozaa nyingine. Zikioteshwa maabara kwa takriban wiki nne, chini zikipata virutubisho na juu zikiguswa na hewa, vinyweleo huanza kupiga. Mwaka 2008 watafiti wa Aberdeen, Uskoti, walilinganisha seli za sehemu hizo mbili na kuunga mkono matumizi ya seli za pua kama mbadala katika utafiti wa uvimbe wa njia ya hewa.

Faida kubwa tunaiona kwenye ugonjwa wa kurithi wa sistiki fibrosisi. Dawa ya mseto iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 ililenga hasa wenye badiliko la jeni liitwalo F508del, lililoenea zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Miongoni mwa Waafrika weusi wenye ugonjwa huu hukutwa sana badiliko jingine, 3120+1G>A. Seli za pua za mtoto mwenye badiliko adimu zinaweza kujaribiwa dawa maabara kabla yeye mwenyewe hajaimeza. Kumwacha nje ya majaribio hayo kwa kisingizio kwamba walio kama yeye ni wachache ni dhuluma.

Hata hivyo, pua si pafu. Haina vifuko vya hewa, ambako kifua kikuu na makovu ya mapafu hufanya uharibifu wake mkubwa. Ni baridi kuliko kifua, baadhi ya jeni zake hufanya kazi tofauti, na mafua ya mzio huweza kubadilisha seli zake hata kama mapafu ni mazima. Kwa hiyo kila kinachopimwa kithibitishwe kwanza kwa sampuli za pua na za mapafu za mtu yuleyule, zikichukuliwa kwa wagonjwa ambao tayari wanafanyiwa bronkoskopi kwa matibabu yao. Hatutakubali urahisi wa brashi ugeuzwe ushahidi.

Tunazitaka kamati za maadili ya utafiti zimdai kila mtafiti anayeomba bronkoskopi ya mtoto aeleze kwa maandishi kwa nini pua haitoshi. Na mzazi, kabla hajatia saini ya ridhaa, aambiwe kwa lugha anayoielewa seli za mwanawe zitahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na kama zitavushwa mpaka.